Gari Kuukuu la Kamembe Haliwaki: Kosa Liko Wapi?

Bonde la Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, liko karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari. Hakuna eneo la Rwanda lililo chini zaidi ya hapo. Kamembe, mji mkuu wa wilaya ya Rusizi, umekaa kwenye mita 1,500 na ushei. Dereva anayeelekea Huye hupanda msitu wa Nyungwe hadi kukaribia mita 2,500, ndani ya ukungu na mvua. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo gari lililowashwa mchana kwenye joto la Bugarama linaweza kulala kwenye baridi ya Gisakura siku hiyo hiyo. Gari jipya halijali. Gari la mwaka 1978 linajali, na kinachoanza kulalamika ni umeme wake.

Nairobi wapo watu wanaoyalea magari ya zamani kwa mapenzi. Tangu 1970 klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiandaa maonyesho ya Concours d'Elegance, na tangu 2003 kuna mashindano ya East African Safari Classic ambako Porsche, Datsun na Ford za enzi zile hukimbizwa tena vumbini. Huku kwetu mpakani gari kuukuu ni la kazi. Land Cruiser ya miaka ya 1980 hubeba magunia, Corolla ya umri huo huo huwahi soko, na Mercedes W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, bado ina wenyewe wanaoapa kwamba haina mbadala. Gari la maonyesho lisipowaka mwenyewe hupiga simu, lakini hili la kazi likigoma, siku nzima ya biashara imekwenda.

Hoja yangu ni kwamba gari la zamani lisipowaka, uzee wake mara nyingi hauhusiki. Umeme uliochorwa kiwandani mwaka 1975 ni rahisi kiasi kwamba mchoro wake wote unaenea kwenye ukurasa mmoja. Kinachouangusha ni miaka 40 ya mikono ya watu: waya ulioongezwa kwa ajili ya redio, fyuzi iliyopitishwa pembeni, ethi iliyofungwa juu ya rangi mpya. Na kinachomaliza fedha za mwenye gari ni desturi ya kubadilisha vifaa kabla ya kupima. Hukumu ya kwanza gereji huwa ni ile ile: "Mzee, betri imekufa." Pengine ni kweli. Pengine betri ni nzima na imezibiwa njia.

Funguo ikigeuzwa, gari kuukuu hujibu kwa namna tatu, na fundi mzuri huanza kazi kwa masikio. Likikaa kimya kabisa, tafuta kwenye betri, fyuzi kuu, suichi ya funguo na ule waya mwembamba unaokwenda kuamsha selenoidi ya stata. Likipiga "tak" moja na kunyamaza, umeme mdogo umefika lakini mkubwa umekwama njiani. Likizunguka kwa nguvu bila kushika, achana na stata, kwani hapo tatizo ni cheche au mafuta. Mgawanyo huu ni mdogo na unajulikana, lakini gari likigoma barabarani watu watano husimama, kila mmoja ana lake, na plagi zinafunguliwa kwenye gari ambalo hata stata haijazunguka.

Kamembe ni mji wa miteremko, na miteremko imewaharibu madereva. Anayejua kwamba gari lake ni gumu asubuhi huliegesha likitazama chini, kisha huliachia, hutia gia ya pili na kuachia klachi. Gari linawaka, siku inaendelea, ugonjwa unabaki. Mbinu hii ina mipaka isiyosemwa. Gari la gia otomatiki halikubali. Lenye altaneta linahitaji betri iwe na uhai kidogo ili altaneta ianze kuzalisha, tofauti na magari ya zamani zaidi yenye dainamo, ambayo yalivumilia betri karibu tupu. Na mteremko unaoishia ziwani si mahali pa kujaribia breki za gari ambalo injini yake haijawaka.

Turudi kwenye betri, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na 11.9 ni kama tupu. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikiunguruma, vichwa vya betri visome kati ya 13.8 na 14.4. Chini sana ya hapo altaneta haichaji, na ukikuta 15 na zaidi inaipika betri. Vipimo vitatu hivyo huchukua dakika chache na multimita ya bei ndogo, na vinatenganisha betri iliyokufa na betri iliyonyimwa chakula. Gari la safari fupifupi kati ya Kamembe na mpakani, linalozimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, halipati muda wa kurudisha umeme uliotumiwa na stata. Ukilinunulia betri mpya leo, baada ya miezi michache nayo itakuwa hoi.

Betri zenye vifuniko vya kufungua zinahitaji maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, na ya bombani nayo hayafai. Kuongeza asidi kwenye betri iliyopungua maji ni kosa jingine linalopendwa. Asidi haikukauka, kilichokauka ni maji.

Sasa tufike mahali ninapoamini magari mengi yanahukumiwa bila hatia. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 150 hivi inapozungusha injini, na ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Chukua kiungo kimoja kichafu, kichwa cha betri chenye ukungu mweupe au boliti ya ethi yenye kutu, chenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu. Kwa ampea 150 kiungo hicho kinapoteza volti 1.5. Kwenye taa ndogo inayovuta nusu ampea, kiungo kile kile kinapoteza sehemu tano tu kati ya elfu moja za volti, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa hiyo fundi akigusa kwa taa yake ya kupimia, taa inawaka vizuri, naye anatangaza kwamba umeme upo. Upo kweli, wa kuwasha taa. Wa kuzungusha injini haupo. Kifaa hicho cha taa na waya kimeuza betri na stata nyingi katika ukanda huu kuliko muuza duka yeyote.

Dawa ni kupima umeme unaopotea wakati kazi inafanyika. Weka multimita kwenye volti za betri. Ncha moja iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, ile risasi, wala si kile kichwa kilichofungwa juu yake. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako ageuze funguo huku ukisoma. Ukipata volti 0.2, hakuna ubaya. Ukipata 0.5, safisha viungo. Ukipata 2, umeshajua gari lina nini na hujanunua chochote. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti nene ya stata. Injini isiposhika kabla hujasoma, ndiyo vizuri: ng'oa waya wa koili kwanza na ufunge ncha yake kwenye chuma.

Upande wa ethi, ambao mafundi waliojifunza kwa Kifaransa huuita masi, ndio unaosahauliwa. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachounganisha injini na bodi ni mkanda mmoja wa nyuzi za shaba uliosukwa, ambao mara nyingi hufunguliwa injini inapotolewa na kubaki mezani. Umeme hautakubali kukosa njia. Utapita kwenye kebo ya mafuta au ya choki, na kebo hiyo itapata moto mpaka plastiki yake iyeyuke. Mwenye gari atabadilisha kebo mara mbili kabla ya mtu kuuliza kwa nini inaungua. Gari lililochomelewa na kupakwa rangi upya nalo ni la kutiliwa shaka, maana rangi nzuri iliyopita chini ya boliti za ethi ni kizuizi cha umeme. Kwangua hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Katika wilaya inayopata mvua kama Rusizi, kazi hiyo haikamiliki bila grisi.

Kuna kisa cha Toyota kinachostahili kutajwa peke yake. Stata nyingi za Denso zenye gia ndani, zilizofungwa kwenye Toyota tangu miaka ya 1980, zina vipande viwili vya shaba ndani ya selenoidi. Kila unapowasha, kisahani cha shaba huvigonga na kupitisha umeme mkubwa, na kila kugonga huacha alama ya moto. Baada ya miaka, kimoja huliwa kuliko kingine na kisahani hakikai sawa. Dalili yake ni "tak", "tak", "tak", halafu mara ya tano gari linawaka kana kwamba halikuwa na shida. Stata nzima hubadilishwa kwa sababu ya vipande viwili ambavyo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya stata. Fundi mwenye subira hata huvichonga mwenyewe kutoka kwenye kipande kinene cha shaba. Huo ndio ufundi ninaouheshimu.

Volkswagen Beetle nayo ina ugonjwa wake. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na stata iko nyuma pia, lakini umeme wa kuamsha selenoidi husafiri kwanza hadi mbele kwenye dashibodi, hupita suichi ya funguo, kisha hurudi nyuma yote. Waya ukizeeka, volti zinazofika ni pungufu. Asubuhi gari linawaka, na mchana likishapata moto haliwaki, kwa sababu shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka. Bugarama linagoma, Nyungwe linatii. Tiba ni rile moja iliyofungwa karibu na stata, ikichukua umeme moja kwa moja kutoka betri, huku ule waya mrefu ukibaki na kazi ya kuamsha rile tu. Beetle za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa za volti 6, na kwa hizo waya mnene ni lazima, kwani volti zikiwa nusu, ampea za kazi ile ile huwa mara mbili. Land Rover nyingi za Kiingereza za wakati huo zilikuwa na ethi upande wa chanya. Anayefunga redio ya leo bila kuangalia hilo atasikia harufu kabla ya muziki.

Tukija kwa gari linalozunguka bila kushika, mwinuko nao una sehemu yake. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa au Dar es Salaam itamwaga petroli nyingi mno kwa hewa ya Kamembe, plagi zitalowa na kuwa nyeusi, na dereva ataapa kwamba hakuna cheche. Toa plagi, iguse kwenye chuma cha injini, zungusha. Cheche ikiwa ya buluu na yenye mlio, nenda kwenye kabureta. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, rudi kwenye distributa.

Humo ndani mna pointi zinazofunguka na kufunga. Kwa Beetle nafasi yake ni milimita 0.4 hivi. Zikiwa zimeungua mara kwa mara, tazama kondensa na koili. Magari mengi ya volti 12 yalitoka na koili inayofanya kazi kwa volti pungufu kupitia rezista. Mtu akiweka koili hiyo kwenye gari ambalo rezista yake iliondolewa zamani, pointi zitaungua kila baada ya muda mfupi na kila fundi atazibadilisha kwa uaminifu. Baada ya usiku wa mvua, fungua kifuniko cha distributa, kifute kwa kitambaa kikavu, kikague kama kina mstari mwembamba mweusi wa ufa ambako cheche hukimbilia. Hilo halihitaji hata multimita.

Dizeli haina cheche, ila ina hita plagi. Mercedes za dizeli za miaka ya 1970 zilikuwa na plagi zilizofungwa kwa mfululizo, hivyo ikikatika moja zote hufa, na gari linalowaka kwa urahisi bondeni huwa mzigo milimani. Kuanzia miaka ya 1980 kila plagi ilipewa njia yake. Na Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani nyingi ni za volti 24, betri mbili zikifuatana. Watu huchota volti 12 za redio na chaja ya simu kwenye betri moja tu. Betri hiyo inachoka, mwenziwe inachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa mapema. Kigeuzi cha volti 24 kwenda 12 ni rahisi kuliko betri mbili.

Nyaya zenyewe sasa. Waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, ndio unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, na ndio unaoishia ndani ya magari. Nyumba haitikisiki. Gari la barabara ya vumbi linatikisika siku nzima, na uzi mmoja unaotikiswa hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana. Ngozi hiyo imetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 70 hivi, na karibu na bomba la moshi ni zaidi ya hapo. Tumia waya wa nyuzi nyingi laini. Kebo ya stata ya petroli iwe na unene wa milimita za mraba 25 hadi 35, ya dizeli 50 au zaidi. Kabla ya kulipa kwangua ncha kwa kisu, maana siku hizi sokoni kuna alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa kiwango cha karibu asilimia 60 ya shaba.

Magari yaliyohamishwa usukani ni sura nyingine. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, wakati Tanzania, Uganda na Kenya huendesha kushoto, na magari ya Japani huzaliwa na usukani wa kulia. Anayeuhamisha hukata furushi lote la nyaya nyuma ya dashibodi na kuunga kila waya kwa kipande cha nyongeza. Hapo panazaliwa viungo kadhaa kadhaa vilivyosokotwa na kufungwa utepe ambao gundi yake huyeyuka kwa joto. Ukinunua gari la namna hii, anza kukagua hapo. Na ukikuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, usiwashe tena mpaka ujue nani aliiunguza. Fyuzi inalinda waya usiwake moto. Ukiweka kubwa kuliko inavyostahili, waya ndio utakaokuwa fyuzi.

Kuna gharama nyingine ya kubadilisha betri ovyo isiyoonekana gereji. Betri kuukuu zina risasi, na risasi huyeyushwa mahali fulani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza 2007 kiliwaachia wakazi sumu mwilini kabla ya kufungwa 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri uliyoitupa kabla ya wakati wake huenda ikafika mahali kama pale.

Je, gari la namna hii lifungwe nyaya mpya zote? Wapenzi wa uasilia watapinga, na kwa gari la maonyesho wana haki. Kwa gari la kazi msimamo wangu ni kwamba likishapita mikono mitatu na viungo vya utepe vikionekana kila mahali, ng'oa vyote. Gari la miaka ya 1970 halina nyaya nyingi, na fundi makini akiwa na mchoro humaliza kwa siku chache. Kukarabati kidogo kidogo hugharimu zaidi, na kila kiraka hufungua mlango wa kingine. Lakini kama viraka ni viwili vitatu, safisha ethi, badilisha kebo mbili nene, ongeza rile moja, kisha uliache gari lilivyo.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ufundi, kuanzia kile cha Karongi hapa Mkoa wa Magharibi hadi gereji zinazochukua vijana wa kujifunza. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni muhimu, na magari mengi yanayoingia leo hayatengenezeki bila hiyo. Ila haitasoma lolote kwenye Corolla ya 1982. Mfundisheni kijana kupima volti zinazopotea kwenye waya wa ethi kabla hajashika mashine hiyo, kwa kuwa kipimo hicho kitamfaa kwenye gari la umri wowote, hata la umeme mtupu.